Blanketi la Mahari Lililochomwa Cheptiret

Umewahi kuona blanketi la mahari likichomwa kwa kiberiti katikati ya sherehe, wageni wamekaa, sufuria za chakula zimeshaepuliwa, na anayelichoma ni kijana mwenyewe aliyekuja kuoa?

Mimi nimeona. Cheptiret, Jumamosi, mchana kweupe.

Na kabla hujaniuliza huko kwa comments kama kijana alikuwa amelewa, hapana. Alikuwa na akili zake zote. Alifanya vile kwa kumpenda babake.

Naitwa Wangila. Mwenye stori hii ni Nicanor, shemeji yangu, aliyemuoa dada yangu Nangila. Wanaishi Kimumu. Nilipomuuliza kama naweza kuiandika akasema andika, lakini usinipambe.

Basi sitampamba.

Nicanor alikuwa mfumaji wa blanketi katika kiwanda kimoja hapa Eldoret. Kiwanda sitakitaja, msinisumbue. Aliingia pale akiwa kijana asiye na ndevu, akakabidhiwa mashine ya kufuma, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyepumua kwa amani mbele yake akiwa amejifunika blanketi.

Nasema kweli. Ukimkaribisha kwako, kabla hajanywa chai ameshashika blanketi la kiti chako analipapasa. Kwenye matanga ndiyo usiseme. Watu wanalia, yeye anageuza pindo la blanketi la mfiwa aone limefumwa wapi.

Halafu alikuwa na ile shoo yake ya kiberiti.

Pale kiwandani, wafumaji walipoletewa uzi mpya, walichomoa kipande wakakichoma. Manyoya halisi ya kondoo yakiungua yanatoa harufu ya nywele, na jivu lake ukilifinya linakuwa unga. Uzi wa plastiki unayeyuka, unadondoka, kisha unakuwa tone jeusi gumu. Nicanor aliileta shoo hiyo nyumbani. Wageni wakija, anamwita mwanawe Ronnie, wakati huo mtoto wa shule, na Ronnie anachoma uzi mbele ya watu na kueleza kama mwalimu. Nicanor anakaa pale anacheka kwa raha.

Sasa sikiliza vile mambo yaliharibika.

Kiwanda hakikufungwa. Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Kingefungwa, wangelia pamoja, majirani wangekuja kuwapa pole, na maisha yangeendelea. Lakini geti lilibaki, bango lilibaki, mlinzi alibaki. Ni mashine tu zilizoondoka. Walikuja watu wa skrepa na mitungi ya gesi, wakazikata vipande vipande pale pale ndani, wakazipakia kwenye lori. Nicanor alisimama akitazama mashine yake ikikatwa, na aliniambia kitu kilichomuuma zaidi ni kwamba waliikata wakipiga stori za mpira.

Baadaye yakaja makontena. Blanketi kutoka ng'ambo, nyepesi, laini, zina maua na simba. Wafanyakazi wachache walioitwa tena, Nicanor akiwemo, waliwekwa mezani kama vibarua. Kazi yao ilikuwa kukata lebo ya huko zilikotoka na kushona lebo ya kiwanda chetu.

Kazi ndiyo hiyo. Kata, shona. Kata, shona.

Nicanor hakumwambia mtu. Aliendelea kuvaa dastikoti yake ya buluu, lile koti la kiwandani, asubuhi na kushuka mjini. Dada yangu aliona tofauti, kwa sababu mwanamume aliyekuwa akirudi na mavumbi ya manyoya hadi kwenye nyusi sasa alirudi safi kama karani. Aliona, akanyamaza. Alidhani mume akiwa tayari atasema.

Hakuwa tayari.

Ndipo Ronnie, ambaye sasa ni mtu mzima anauza simu mjini, akapata mchumba. Kabura. Msichana mtulivu, mcheshi ukimzoea, binti wa Mzee Mungai, mkulima wa Cheptiret. Tukaenda kujitambulisha.

Mzee Mungai alitupokea vizuri sana. Ana shamba linaloteremka hadi mtoni, na siku hiyo kondoo walikuwa wametapakaa huko chini. Tulipokuwa tukinywa chai alimuuliza Nicanor anafanya kazi gani. Nicanor akasema yeye ni mfumaji wa blanketi, akataja kiwanda.

Uso wa yule mzee ulifunguka. Akauliza kama kile kiwanda bado kinafuma, maana alikuwa amesikia maneno.

Hapo palikuwa na nafasi. Neno moja tu, na mimi leo nisingekuwa na stori ya kuwaandikia.

"Mashine hazilali," Nicanor akasema. "Tunafuma usiku na mchana."

Mzee Mungai akamshika mkono akautikisa kwa furaha mpaka chai ikamwagika. Sisi tulidhani amefurahi kupata mkwe mwenye kazi.

Mazungumzo ya ruracio, yaani mahari kwa Kikuyu, yalipofika, wazee wa upande wao wakataja vitu vyao. Tangi la maji la mama, leso za akina shangazi, mambo ya kawaida. Mzee Mungai mwenyewe, ambaye kwa desturi angepewa koti na kofia, alisema hataki. Yeye aletewe blanketi mbili tu, zilizofumwa na mkono wa baba yake Ronnie.

Watu wakapiga makofi. Ronnie alimtazama babake kwa fahari hadi mimi nikaona wivu.

Nicanor akasema hakuna shida.

Wiki zilizofuata alitafuta. Alienda kwa wafumaji wenzake wa zamani akiuliza kama kuna aliyebaki na blanketi halisi, jipya. Mmoja alikuwa amehamia Sugoi analima mahindi. Alikuwa nalo moja, lakini mkewe alikuwa mgonjwa na ndilo alilojifunika. Nicanor hakuwa na uso wa kuomba.

Mwishoni alinunua mbili za kontena, zile nzito kidogo zisizo na simba. Akabaki mezani wenzake walipoenda kula, akakata lebo, akashona lebo ya kiwanda. Aliniambia hajawahi kushona lebo ikanyooka kama ile. Alipomaliza, alizikunja, akajisikia mchafu, akazibeba.

Siku ikafika. Hema limepigwa, akina mama wa Kikuyu wanaimba, sisi tunajaribu kuitikia na hatujui maneno. Mzee Mungai alipokabidhiwa blanketi, alijitanda moja mabegani, akatembea katikati ya viti akigeuka huku na huku. Watu walicheka na kushangilia. Nicanor aliangalia viatu vyake.

Sasa kuna mjomba mmoja wa Kabura, mtu wa utani, wale ambao hawakosi kwenye sherehe yoyote. Akasimama na soda yake akasema siku hizi hata ugali unatoka China, sisi tutajuaje hizi blanketi ni za hapa.

Ulikuwa utani. Watu walicheka, na ungeishia hapo.

Lakini Ronnie aliinuka.

"Uncle, ngoja nikuonyeshe," akasema. "Hii kitu nilifunzwa na Baba nikiwa mdogo."

Akaomba kiberiti.

"Ronnie, wacha," Nicanor akasema.

Ronnie alitabasamu. Alidhani babake anaona haya ya kusifiwa. Akachomoa uzi kwenye blanketi lililokuwa mabegani mwa mzee, akauinua juu watu wote wauone, akaeleza habari ya harufu ya nywele na jivu la unga, sauti imejaa, na Kabura anamtazama. Kisha akauwasha.

Uzi ulijikunja. Ukayeyuka. Tone jeusi likadondoka kwenye lile blanketi, likatoboa tundu, na harufu ya jerikeni lililotupwa motoni ikajaa hemani.

Hakuna aliyecheka.

Ronnie alichukua uzi mwingine, wa blanketi la pili. Nao ukayeyuka vile vile.

Nilimwona kijana akielewa. Sijui niseme vipi. Ilikuwa kama kumwona mtu akisomewa habari ya msiba mbele ya umati. Alitazama lile tone, akamtazama babake, halafu akawageukia watu.

"Nimekosea," akasema. "Nimetoa uzi ya pindo. Pindo huwa ni ya nailoni, ndio isiraruke." Akakifunga kiberiti. "Si ni hivyo, Baba?"

Kila mtu aliyekuwa chini ya hema alimgeukia Nicanor.

Mwanawe alikuwa amemfunika. Mbele ya wakwe zake, siku yake mwenyewe, alikuwa amedanganya ili babake asiaibike. Na Nicanor, ambaye angeweza kumtoa mtoto wake kwenye uongo huo, aliitikia kwa kichwa.

"Ni hivyo," akasema.

Watu wakapumua. Mjomba akasema na aletewe chakula basi, na vicheko vikarudi. Dada yangu Nangila hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa anakunja leso yake, anaikunjua, anaikunja tena.

Mzee Mungai hakuketi kula. Alimshika Nicanor bega, akaniita na mimi, akasema kuna kitu anataka kutuonyesha kabla watu hawajatawanyika. Tukamfuata nyuma ya nyumba hadi ghalani. Njiani Nicanor aliniminya mkono. Alidhani anaenda kukemewa faraghani, na nusu ya moyo wake ilikuwa inaomba iwe hivyo.

Mzee akafungua mlango.

Magunia. Yamepangwa kutoka sakafuni mpaka kwenye mabati, ukuta hadi ukuta, hata pa kukanyaga hapakuwepo. Gunia moja lilikuwa limepasuka, na manyoya ya kondoo yalikuwa yanatokeza hapo pembeni, yameanza kugeuka rangi ya manjano.

Mzee Mungai alikuwa anatabasamu.

"Majirani wote waliuza kondoo wakaweka viazi," akasema. "Broker aliniambia hakuna kiwanda inachukua wool siku hizi. Nikamwambia wewe ni muongo, muthoni wangu, huyu mkwe wangu, anafuma huko usiku na mchana. Nikaongeza hata kondoo wengine. Sasa wewe niambie, nilete lini?"

Nicanor aliyatazama magunia.

Alikuwa amedhani uongo wake ni wa kujifunika yeye peke yake. Kumbe mtu mwingine alikuwa ameuchukua, akaupandia, akaufugia, akaujengea ghala.

Alikaa chini. Juu ya gunia, na suti yake ya sherehe. Akasema yote hapo hapo: mashine, watu wa skrepa, makontena, lebo. Akasema habari ya pindo la nailoni haikuwa kweli, Ronnie alikuwa anamfichia. Alilia bila kujifuta.

Mzee Mungai alisikiliza akiwa bado amejitanda lile blanketi. Yote yalipokwisha kusemwa, akauliza jambo moja.

"Ile siku nilikuuliza tukikunywa chai, ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa najua."

Mzee alilivua blanketi, akalikunja polepole, akalitundika mlangoni. Nilisubiri matusi. Ningeyaelewa. Lakini aliongea kwa upole, na mimi naamini matusi yangekuwa rahisi zaidi kuyabeba.

"Kazi kuisha, hiyo si makosa yako," akasema. "Hata mimi ningekupea pole. Lakini ulikaa kwangu, ukakunywa chai yangu, ukaniacha niendelee kungoja."

Nicanor akauliza kama posa imevunjika.

"Kabura si wool," mzee akajibu. "Ameshachagua. Na huyo kijana wako, nimemuona vile amekusimamia. Huyo namtaka."

Tukarudi hemani. Sherehe ikaendelea, wazee wakabarikiana, picha zikapigwa. Jioni tulipokuwa tunaaga, unajua desturi, wageni wa mahari hawarudi mikono mitupu. Akina mama walileta vyondo vyenye unga na sukari, wakampa Nangila. Halafu Mzee Mungai mwenyewe akatokea nyuma ya nyumba akiburuta gunia la manyoya, akaliweka miguuni pa Nicanor, mbele ya watu wote.

"Hii ni yako," akasema.

Wageni hawakuelewa. Walidhani ni zawadi ya mfugaji kwa mfumaji, wakapiga vigelegele. Nicanor alilibeba begani hadi kwenye gari, vigelegele vikimsindikiza, na Ronnie alipotaka kumpokea, alimkatalia.

Tulikuwa tunakaribia mjini. Ronnie ndiye aliyeanza kuongea, bila kugeuka. Alisema, "Baba, ungeniambia tu. Nisingeomba hiyo kiberiti."

Mnataka kujua mwisho. Ronnie na Kabura wameoana, wako sawa. Mzee Mungai aliuza kondoo wengi kwa bei ya kutupa, na yale magunia, nasikia, mengine ameyafanya matandiko ya ng'ombe. Nicanor bado anashona lebo, kwa sababu karo ya mdogo wake Ronnie haingoji mtu apone aibu. Dastikoti ameiacha. Huenda kazini na nguo za kawaida, na akiulizwa anafanya nini, anasema anashona lebo.

Lile gunia liko sebuleni Kimumu, kando ya televisheni. Ni baya, linanuka mvua ikinyesha. Dada yangu amejaribu kuliondoa, wapi.

Juzi nilikuwa huko, akaja mgeni wa kanisani, akauliza kuna nini mle. Ronnie, aliyekuwa amekuja na mkewe kusalimia, akawahi kujibu kwamba ni mzigo tu wa mtu.

Nicanor akaweka kikombe chini.

"Ronnie, usinisaidie tena," akasema. Kisha akamgeukia yule mgeni, akaanza kumweleza, kutoka mwanzo, na Kabura akiwa amekaa pale pale anasikia.

Funzo langu ni hili, na si la Nicanor peke yake. Tuko wengi mji huu tunaotoka asubuhi tumevaa kazi ambayo ilishakufa. Ikikuishia, sema. Utaona haya, ndiyo, utaona haya sana. Lakini utakuwa umeyaona peke yako, kabla mtoto wako hajafunzwa kukudanganyia.