Leso za Jirani Nisiyemjua

Mtaa niliokaa Canberra ulichorwa kwenye karatasi kabla ya mtu yeyote kulala ndani yake. Huo ndio mji mkuu wa Australia, lakini kwangu mji mkuu ulikuwa jengo la bunge tu, nililoliona kwa mbali kupitia dirisha la basi. Nilikwenda huko kutafuta shahada ya pili, na chumba nilichopata kilikuwa pembezoni, katika wilaya yenye kituo chake cha mji: maduka yote chini ya paa moja, stendi ya mabasi, maktaba, na ziwa lililotengenezwa na watu. Kuanzia hapo nyumba zilifuata barabara zilizopindwa makusudi, kila moja na nyasi zake mbele, bila ukuta wala uzio.

Nyasi hizo zilinipotosha. Kwetu Langoni, mtaa wa Lamu, kuta ni nene na mlango hufungwa, lakini nje pana daka, baraza mbili za mawe zinazotazamana, na mpita njia akichoka huketi. Haombi ruhusa. Nikafikiri kwamba watu wasiojenga hata ukuta lazima wanakaribisha kuliko sisi. Nililipima wazo hilo majuma matatu, maana jambo dogo likinifikia hulipindua mpaka lichakae. Jirani yangu wa kushoto, mwanamke mzee aliyeishi peke yake, alikuwa na benchi la mbao mbele ya nyumba, likitazama barabara. Jumamosi moja, baada ya kuswali alasiri, nilikwenda nikaketi.

Hakupita mtu. Hilo sikuwa nimelipima. Yalipita magari mawili, na mbwa mmoja ng'ambo ya barabara akaniangalia kisha akalala. Baada ya kama nusu saa mlango ulifunguliwa nyuma yangu.

"Umejifungia nje?" mwanamke aliuliza.

Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza daka.

"Basi ungoje kwako," alisema, bila ukali. "Ngazi zako zina jua."

Akasimama pale mpaka nikainuka. Niliketi kwenye ngazi zangu, ufunguo mfukoni, nikiogopa kuingia asije akaniona muongo. Jua lilihama, baridi ikaniingia miguuni, nami nikabaki hapo hadi alipovuta pazia.

Siku hiyo hiyo Mama alinipigia simu. Kama kawaida aliuliza, "Una mtu huko?" Nikamwambia nina jirani, na kwamba leo nimeketi barazani kwake akatoka kuniuliza hali. Karibu yote yalikuwa kweli. Mwezi uliofuata jirani alinipikia supu. Kisha akanifundisha kuwasha hita, akamsalimia Mama. Kwa kweli tulipungiana mkono tu siku za kutoa mapipa ya taka, na si kila mara.

Niliporudi Lamu kwa likizo nilikuta jirani huyo ametangulia kufika. Bi wa nyumba ya pili, anayetuuzia mahamri, alinishika mkono mlangoni.

"Haya, nyanyako wa kizungu hajambo? Hana mjukuu wa kike tukuoze?"

"Hana," nilisema, wala sikujua kama anaye.

"Hana, au wamficha?"

Nikacheka pamoja naye. Jioni niliketi kwenye daka letu na kila aliyepita alinisalimu, na karibu kila mmoja aliuliza habari za yule bibi. Niliwajibu wote. Nilikuwa nimezungukwa na watu wa kwetu wakiniuliza juu ya mtu asiyekuwepo, na sikumbuki upweke uliokuwa mzito kuliko ule.

Siku mbili kabla ya safari Mama alinionyesha kikapu kitandani. Mlikuwa na doti ya leso mpya, kanga za kujitanda, chupa ya marashi, udi, na kopo la halua. Leso huchaguliwa kwa maneno yake, na najua Mama alizunguka madukani siku nzima kuyatafuta.

"Utamfasiria jirani yako," alisema. "Kisha umpige picha amejitanda. Nataka nimuone."

Nilijaribu kutafuta njia. Ningesema amehama. Ningesema amekufa, na hapo hapo nikaogopa kwamba atakufa kweli.

"Mama, simjui."

"Humjui nani?"

"Yule jirani. Aliniondoa kwenye benchi lake. Hakunipikia supu. Hata jina lake silijui."

Mama aliketi pembeni mwa kikapu. Nilingoja aniulize kwa nini nilimdanganya. Nilingoja pia, nakiri, aniambie basi usirudi.

"Nalihisi," alisema. "Mwaka mzima hana ila hata moya, hana kosa. Huyu wa mahamri twapendana miaka yote hii, na kila siku nina lawama naye. Wako ni supu tu na hita. Siyui jirani wa namna hiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ulikuwa wamtaka."

Akaivuta doti kutoka kikapuni. "Hii hapewi mtu asiyekujua, atashtuka." Marashi yakatoka, udi ukatoka. Likabaki kopo la halua, akanitilia mkononi. "Hili hupokewa na yeyote. Gonga, mwambie u jirani wake, taja jina lako, kisha rudi kwako. Usingoje kukaribishwa."

"Akikataa?"

"Utakula mwenyewe."

"Na hawa huku nje, niwaambieje?"

"Hawa niachie mimi."

Jumamosi nilivuka hadi Manda, kisiwa chenye uwanja wetu wa ndege, kupanda ndege, kopo mkobani. Nilipotua Australia nililitaja kwenye fomu ya forodha, na ofisa aliligeuza mara moja akanirudishia. Kisha lilikaa mezani kwangu siku tisa. Nilipima saa ya kugonga, nikapima nigonge mara ngapi. Siku ya kumi niliona aibu kumpigia Mama nikiwa bado nalo, nikavuka nyasi.

Mzee yule alifungua mlango nusu. Nilisema niliyoagizwa. Alilitazama kopo, akalipokea kwa mikono miwili, akanitajia jina lake. Kwa woga sikulisikia, ikabidi alirudie. Akashukuru, nami nikarudi kwangu kabla mlango haujafungwa.

Mama alipopiga simu nilimwambia jina lile, na kwamba sikukaribishwa ndani. Alingoja kidogo, labda kusikia kama nitaongeza kitu. Sikuongeza.