Sombe niliyompelekea mama mkwe

Alhamisi, Novemba. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika mchana, mawingu yakabaki yamelala juu ya ziwa.

Leo nimeona haya, na nitajaribu kuandika bila kujipendelea. Shule nilisoma kidogo, basi mambo ya daktari nayaandika jinsi nilivyoyashika.

Mama mkwe aliletwa hospitali kutoka Nkanka. Alihara na kutapika hadi maji yakamwishia mwilini, na bado alikuwa anameza vidonge vya maumivu ya mgongo, ambavyo daktari alisema viliziumiza figo. Mkojo ukakatika. Daktari alituita, mimi na wifi yangu, akasema wazi: mkojo ukirudi, atapona hapahapa, usiporudi, atapelekwa mbali kwenye mashine ya kusafisha damu.

Alisema ndani ya figo kuna mirija myembamba sana, na kuta zake ni seli zinazofanya kazi bila kupumzika, kurudisha mwilini maji na chumvi inayofaa. Kazi hiyo inataka nguvu nyingi, na nguvu hiyo seli zinaipata hasa kwa kuchoma mafuta. Sasa nguvu zimeziishia. Aliendelea kusema, wifi akauliza maswali. Mimi nilishasikia mafuta, akili ikawa imeenda jikoni.

Huku kwetu mgonjwa analetewa chakula na watu wake, tunaita kugemura, na sufuria ikifunguliwa chumba kizima kinatazama. Jana wifi alifungua yake: wali mweupe na karoti za kuchemsha. Mama wa kitanda cha jirani akacheka, akamuuliza mama mkwe:

“Maman, bamekufungisha?”

Nami nikaongeza, kwa sauti: “Wifi, hii ni chakula ya mgonjwa ao ya mufungwa?”

Chumba kikacheka. Wifi akasema, “Ni vile daktari alisema.”

“Daktari alisema mafuta! Nilikuwa pale.”

Nikafungua yangu: sombe, majani ya muhogo yaliyoiva vizuri, mawese yakiogelea juu, ndizi, na avoka pembeni. Mama mkwe hakuwa na hamu. Alikula ili asinivunje moyo, nadhani. Nilimwambia, “Kula Maman, figo zipate nguvu.”

Leo asubuhi daktari alipopita alinusa, akauliza nani alipika sombe. Nikasema mimi, tena kwa kujisifu.

Hakunigombeza. Aliniuliza: “Maman, mbabula, jiko lako la makaa, ikikosa hewa, ukiongeza makala itawaka?”

“Hapana, itatoa moshi tu.”

“Ndiyo hivyo. Damu ndiyo inapelekea zile seli hewa. Maji yalipomwishia, damu ilipungua, moto ukafifia. Mafuta yamejaa ndani ya seli na hayachomeki. Zinajaribu kutumia sukari, lakini nguvu yake haizitoshi. Ya sufuria yako hayawezi kusaidia. Na ile sombe, na ndizi, na avoka, vina potasiamu nyingi. Figo ikilala haiitoi. Ikizidi kwenye damu, moyo unaweza kusimama.”

Walimpima damu. Potasiamu ilikuwa imepanda, wakamtundikia dawa. Kama ni sombe yangu peke yake iliyoipandisha, daktari hakusema, na mimi siwezi kusema ndiyo wala hapana. Lakini mkono uliomlisha ni wangu.

Wifi alikuwepo, hakunitazama. Ningeweza kuandika kwamba alifanya hivyo ili anichome, lakini isingekuwa haki. Alikuwa anatazama mfuko wa mkojo tu. Alasiri mfuko ulianza kupata kitu, kidogo, cha rangi ya chai. Daktari alisema seli zikipata damu na mapumziko zinaweza kujitengeneza, ila tusishangilie bado.

Hapo nilisimama katikati ya chumba, kwa sababu nilimtukana mbele za watu. Nikasema, “Wifi, nisamehe. Wewe ulisikiliza, mimi sikusikiliza.”

Akajibu polepole: “Nimesikia. Lakini bale balicheka jana, nani atabaambia?”

Niliangalia kitanda cha jirani. Yule mama alitoka asubuhi, amerudi kwao Nyakarenzo, na huko bila shaka anasimulia juu ya binti anayemnyima mama yake chakula. Sina namna ya kumfuata.

Nikauliza kesho nilete nini.

“Lete mashuka safi,” wifi akasema. “Chakula niachie.”

Iliniuma, ila hakukosea.

Nyumbani mume wangu aliuliza mama yake anaendeleaje. Nilimweleza yote, na maneno niliyomwambia dada yake pia, watoto wakisikia. Tulikula ugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, za kukaanga, kila mmoja akiangalia sahani yake.