Niliitwa kikaoni kutoa ushahidi wa ng'ombe waliokula mihogo yangu

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hili limenikuta mwenyewe, siongezi chumvi.

Naishi Kibaha, ila shamba la mihogo ninalo Msimbu, kule Kisarawe.

Mchana ofisini huwa nasoma maandiko ya Kibuddha kwenye simu. Kabla hamjanirukia: bado ni Muislamu, naswali kama kawaida. Napenda tu kujifunza.

Kuna fundisho lilinikaa kichwani. Mtu akiitwa barazani kutoa ushahidi, alichoona aseme ameona, asichoona aseme hajaona. Asidanganye kwa faida yake wala ya mwenzake.

Nikajisemea, hii mbona simpo.

Basi ng'ombe wakaingia shambani kwangu. Nilipofika, mihogo michanga imeliwa, mingine imekanyagwa, kwato kila mahali, mchungaji hayupo. Niliumia, nusura nilie.

Kijiji kikaitisha kikao. Wote wanamnyooshea kidole Mzee Lekule, mfugaji aliyehamia kutoka kaskazini. Walishamchoka, wanataka aondoke na mifugo yake. Kilichokosekana ni shahidi tu.

Jirani yangu Mama Zuhura akaninong'oneza, "Mdogo wangu, we sema umewaona ng'ombe wake. Kwani nani mwingine anafuga upande ule?"

Na kwa hasira nilizokuwa nazo, neno lilikuwa mdomoni kabisa.

Mwenyekiti akaniuliza kama niliwaona ng'ombe wa mzee shambani. Nikasimama.

"Mwenyekiti, sikuwaona."

Watu wakaguna. Kikao kikavunjika bila uamuzi. Mama Zuhura hata kuniaga hakuniaga. Nilijiona bwege, wakuu.

Kesho yake Mzee Lekule akanifuata shambani. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Wale ng'ombe ni wangu. Ungesema umewaona ningekataa mpaka mwisho, maana najua hukuwepo. Twende kwa mwenyekiti nikaseme."

Tukaenda, akasema yote mwenyewe.

Hapo ndipo nilipojifunza. Ng'ombe walikuwa wake kweli, na bado ningesema nimewaona ningekuwa muongo.

Ila sasa wenye hasira wamepata ushahidi waliokuwa wanautaka. Kijiji kinakaa tena Jumamosi kuamua kama atabaki au ataondoka, na nimeitwa.

Safari hii kuna kitu nimekiona kwa macho yangu: mzee amekuja kukiri bila kulazimishwa na mtu. Nitasimama niseme hivyo, hata wakiguna.

Nyie mngekuwa na shamba lile, mngemtetea? Semeni ukweli, matusi wekeni pembeni.