Mlango wa Miaka Kumi na Minane

Nyumba yetu ya video iko Baraka, nyuma ya soko, ukuta wa matofali ya kuchoma na bati juu. Tuliifungua mimi na marehemu mume wangu tuliporudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, na tangu alipofariki mimi ndiye ninayekaa mlangoni. Kwa miaka mingi hapakuwa na sheria humo ndani ila mkono wa mume wangu. Filamu ikifika pahali pa watu kuvuana nguo, aliweka kofia yake mbele ya mashine, ukuta ukawa mweusi, vijana wakapiga miluzi, akina mama wakacheka, kisha kofia ikaondoka. Hiyo ndiyo iliyokuwa serikali yetu ya sinema, na sikumbuki mtu aliyeishtaki.

Halafu serikali yenyewe ikaja. Afisa wa utamaduni aliteremka kutoka Fizi-Centre, makao ya utawala wa kwetu, na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa mtu mpole, simlaumu. Alikunywa maji, akanieleza kwamba huko Kinshasa kuna watu wanaokaa na kutazama filamu kabla hazijafika kwa raia. Wanaamua ipi ionyeshwe, ipi ikatwe vipande, ipi ikataliwe kabisa, na ile inayopita wanaipa umri wake. Nyingine ni za watu wote. Nyingine ni marufuku kwa yeyote ambaye hajatimiza miaka kumi na minane.

"Mama, usipofuata, tutafunga hapa," alisema. "Si mi. Ni Leta ndiyo itafunga."

Leta ndivyo tunavyoiita serikali kwetu, na mtu akilitaja jina hilo ujue hana la kuongeza. Nilimuuliza jambo moja tu.

"Na batoto ba hapa, nani iko na karatasi ya miaka yake?"

Alicheka, akajikuna shingo. "Angalia sura, mama. Sura haidanganye sana."

Alipoondoka nilikasirika peke yangu kwa muda mrefu. Vijana wetu wengi walizaliwa tukiwa njiani tukikimbia vita. Mwingine alizaliwa porini, mwingine ndani ya boti, mwingine chini ya hema upande wa pili wa ziwa, na karatasi zilizokuwepo zililowa au zilibaki kwenye nyumba zilizochomwa. Umri wa mtu kwetu unatajwa kwa mambo: huyu ni wa mwaka wa kukimbia, yule ni wa mwaka wa kurudi. Walioweza kunionyesha tarehe ya kuzaliwa mlangoni walikuwa Warundi wa kambi ya Lusenda, kwa sababu wao wana kadi za ukimbizi. Mgeni alikuwa na miaka, mwenyeji hana.

Kilichoniuma zaidi ni kingine. Watoto hawa waliona miili barabarani. Walisikia risasi wakiwa wamelala chini ya kitanda. Siku hizo hakuna aliyesimama njiani kuwauliza umri, wala kuwafunika macho kwa kofia. Sasa mtu aliyekaa kwenye kiti Kinshasa anaogopa wasije wakaona damu ya rangi na maji. Nilisema hayo kwa sauti mbele ya mashine, nikijua kabisa kwamba hakuna anayenisikia.

Hata hivyo nilitii. Nilitafuta ubao, fundi akaandika kwa rangi nyekundu, Kifaransa juu na Kiswahili chini: marufuku chini ya miaka kumi na minane. Ilipokuja filamu ya namna hiyo niliutundika, nikaangalia sura kama nilivyoambiwa. Na kusema kweli, sikuangalia kwa bidii. Mwenye dalili ya ndevu alipita. Msichana mwenye mtoto mgongoni alipita. Wadogo niliwafukuza na khanga, wakakimbia wakicheka.

Sikuwaza kwamba mji ungeuchukua ubao ule kwa namna nyingine. Watu walikuwa wamekosa kipimo cha umri, na sasa walikiona kimetundikwa. Kijana mmoja aligombana na baba yake juu ya shamba la mihogo, akitaka kipande chake kama mtu mzima, na mbele ya wazee hakusema kingine ila kwamba kwenye video anaingia. Wazee waliitikia kwa kichwa. Mwingine alitaka kuendesha pikipiki ya kubeba abiria, wenye pikipiki wakamtuma kwanza kwangu. Nilicheka sana siku hiyo. Nilisimulia sokoni kwamba mimi sasa ni ofisi.

Kicheko kiliisha lilipoingia jambo la binti wa marehemu mdogo wangu.

Binti huyo alibaki mikononi mwa kaka yetu mkubwa baba yake alipokufa. Mama yake alikuwa ametangulia. Kaka alimlea vizuri, lazima niseme hivyo. Lakini nyavu zake ziliibiwa, kisha mgongo ukamwangusha, na nyumba ina vinywa vingi. Akatokea mwenye boti za mota, anayeleta mizigo kutoka Kigoma, mtu wa adabu, si mlevi, akamwomba binti. Kaka alishukuru Mungu kwa machozi. Mimi nilisema binti ana miaka kumi na sita na yuko shuleni.

"Iko na kumi na mnane," kaka alisema.

"Kaka, ni mi nilimupokea. Mama yake alizaa mwaka tulirudia, hata boti ilikuwa haijapumzika."

"Banamuke munachanganyaka miaka. Alizaliwa mbele ya kurudi."

Chifu wa mtaa alikataa kuandika chochote. Alisema sheria hairuhusu kumwoza mtu chini ya kumi na minane, na kama baba mkubwa anasema hivi na shangazi anasema vile, twende tukamalize kwanza nyumbani. Tulikwenda nyumbani, hatukumaliza. Binti alikuwepo akichambua ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwenye ungo, kichwa chini. Nilimtazama nikitafuta anachotaka, sikuona kitu. Msichana wa kwetu akiposwa hafungui mdomo, na ukimbana anakwambia mtakavyo ninyi wazazi.

Ndipo kaka alipopata wazo lake. Alilisema uani, mbele ya jamaa, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Siku ya Mungu kuko ile filamu ya kumi na mnane. Bwana atakuja naye pale kwako. Ukimuacha aingie, bantu bote bataona, hata chifu ataona, maneno imeisha. Ukimukataza, umefukuza bahati ya mutoto mbele ya bantu. Utamulea we."

Filamu hiyo ilikuwa ya mapenzi na kisasi, kutoka Nigeria, na mji mzima ulikuwa ukiisubiri. Nilikuwa nimeonyesha vipande vyake wiki iliyotangulia ili kuwavuta watu, na vilikuwa vimewavuta kweli. Usingizi ulinikataa. Kumkataza binti huyo hakukuwa kugumu. Ugumu ni kwamba nilikuwa nimewapitisha wengine wasiokuwa wakubwa kuliko yeye. Nikimzuia yeye peke yake, watasema shangazi ana wivu, au ana mchumba mwingine wa pembeni aliyemhonga, na mlango wangu hautakuwa ushahidi wa kitu. Kama nilitaka neno langu liwe na uzito kwa huyu mmoja, ilibidi liwe na uzito kwa wote.

Jumapili hiyo, siku ya Mungu, misa ilipoisha na Waislamu walipotoka kwenye sala ya alasiri, uwanja wangu ulijaa. Nilitundika ubao. Niliweka kiti katikati ya mlango badala ya pembeni, nikakaa.

Wa kwanza walikuwa wanafunzi wa sekondari, wateja wangu wa kila wiki. Nikawaambia warudi. Walidhani ni utani. Yule wa shamba la mihogo alifika amevaa shati la baba yake.

"Mama, mi unanijua!"

"Nakujua. Ulizaliwa nyuma ya dada yako, na dada yako hajafikisha."

Watu wakamcheka, na nikajua kwamba siku hiyo nilikuwa nimemrudisha utotoni mbele ya wazee. Sikufurahi. Niliwazuia wenye ndevu changa, wenye simu mbili, hata kijana mmoja anayebeba magunia bandarini, mwenye mikono mikubwa kuliko ya mume wangu. Wengine walinitukana. Mama mmoja aliuliza kama nimelogwa. Nilimwaza pia afisa wa Fizi-Centre, na wale wa Kinshasa nisiowajua, na kwa mara ya kwanza nilielewa kidogo kazi yao ilivyo chungu, kumwambia mtu usoni kwamba hili si lako bado. Ndani, mabenchi yalikuwa na watu wachache wazima waliokaa mbalimbali, wakinitazama kwa mshangao.

Kisha wakaja. Mwenye boti alitangulia, suruali imepigwa pasi. Binti alimfuata na kitenge kipya, amesukwa nywele, amepakwa mafuta mpaka shingo inang'aa. Kaka alikuja nyuma yao akitegemea fimbo. Waliofukuzwa walikuwa bado wamesimama uwanjani, na wote waligeuka kututazama, maana Baraka ni mji mdogo na jambo letu lilijulikana.

Mwenye boti alinisalimu kwa heshima, nikamwitikia, nikamwambia yeye apite. Hakupita. Nilimgeukia binti. Niliamua kumuuliza yeye, na kama angesema kumi na minane mbele ya watu wale, singekuwa na neno tena.

"Miaka yako ngapi?"

Alimtazama baba yake mkubwa. Akamtazama mchumba. Halafu akanitazama mimi, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Shangazi, ni we ulinipokea. Mi iko na ngapi?"

"Kumi na sita," nilisema, na nilisema kwa nguvu ili hata wa nyuma asikie. "Na hauingii."

Kaka alipiga fimbo chini. Alianza kusema kitu kuhusu bahati na kuhusu mimi, na mwenye boti aliangalia viatu vyake. Nilijua nimemwaibisha ndugu yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni tulipokimbia mara ya kwanza, nikiwa mtoto. Nilitamani ardhi inimeze, lakini sikuondoa kiti. Mashine ilikuwa imewashwa, na kutoka ndani muziki wa kuanza ukasikika.

Hapo binti akaanza kulia.

Nilidhani analia kwa aibu. Nilidhani labda alimpenda yule mtu na mimi nimemkatia njia. Nilisimama nikamshika bega, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama alitaka kuolewa.

"Hapana," alisema, akijifuta pua na kitenge kipya. "Mi nilitaka kuona filamu."

"Filamu tu?"

"Balisema nikikuja naye, nitaiona. Banafunzi benzangu bote balisema iko nzuri. Sasa inaanza, na mi niko inje!"

Akakaa chini kwenye mchanga na nguo zake zote mpya, miguu imenyooka mbele, akalia kwa sauti, kinywa wazi, vile anavyolia mtoto aliyeachwa nyumbani wenzake wakienda sherehe. Hakujali nani anamtazama. Baadhi ya vijana waliofukuzwa walicheka, kisha wakaacha kucheka.

Mwenye boti alikuwa wa kwanza kuona. Alivua kofia, akarudi nyuma, akasimama mbali kidogo, na usoni mwake nikaona mtu anayefanya hesabu upya. Kaka naye alikuwa akimtazama binti. Hasira ilikuwa bado mdomoni, lakini hakuitoa. Alitazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyeitwa kutambua kitu chake kilichopotea. Halafu alijishika kiuno, akainama kwa shida na mgongo wake ule mbaya, mpaka akafika chini, akakaa kando yake kwenye mchanga. Alimfuta uso kwa kiganja.

"Nyamaza, mama," alimwambia. "Ungali mudogo. Utaingia siku yako ikifika."