Samaki Niliyemlisha Mama Mkwe

Msicheke kwanza, maana mkianza sasa hatutafika mwisho, na mimi mwenyewe mpaka leo nikisikia harufu ya samaki wa kukaanga masikio yananiwaka kwa aibu.

Mnanijua: miwani nilianza kuvaa shuleni kwa mapadri, mbali sioni, karibu naona mpaka mguu wa sisimizi. Kwa hiyo wenzangu wa kiwanda cha shaba walipopita miaka arobaini na kuanza kusoma gazeti huku wamenyoosha mikono kama wanasukuma ukuta, niliwacheka sana, nikawaambia macho yangu yalishazeeka utotoni, hayana tena pa kwenda. (Kumbe!) Haukupita muda na mimi nikaanza kuona ukungu kwenye sahani yangu. Muuguzi wa kambi yetu ya wafanyakazi akanieleza bila kunificha: uzee wa macho haumchagui mtu, miwani inayokuonyesha mbali ndiyo sasa inakuzuia karibu, chukua yenye vioo vya sehemu mbili, juu vya mbali, chini vya karibu. Mimi? Vioo vya wazee, halafu Kasongo wa kiwandani anione? Nikachagua dawa yangu mwenyewe: kitu kikiwa karibu, navua miwani, basi.

Ikafika Jumapili ya komunyo ya kwanza ya binti yetu Kabwe. Mama mkwe akatoka kijijini kwao Lukafu, mara yake ya kwanza kukanyaga kwangu, kwa sababu alishasikia kwamba mimi ni mtu wa majivuno, akaja kujionea kama nina heshima. Na kwetu, mnajua, mama mkwe hatazamwi usoni, haguswi mkono, na kula mbele yake ni tusi; yeye akikaa nyuma ya nyumba, wewe unabaki mbele. Asubuhi mke wangu alinisihi, karibu alie: "Baba Kabwe, leo usiniharibishie. Mama akikasirika atanirudisha Lukafu, na miye sitakatala."

"Usiogope," nikamjibu, "miye ni muntu mukubwa."

Basi mchana tumeketi mbele ya nyumba, mimi na Kasongo na wenzetu wa kiwandani, mtu mkubwa nimevaa suti mpya ya abakosi, bukari, ule ugali wetu, mezani, na samaki wa ziwa Moero mwenye miiba isiyo na huruma. Kwa miwani sioni hata mwiba mmoja. Nikavua, nikaitia mfukoni, nikajifanya nafuta jasho. Mara samaki akawa wazi kabisa, lakini dunia yote ng'ambo ya meza ikawa uji.

Kasongo akadakia: "Weye, juu ya nini unavua malineti? Uzee umekufikia?"

Ilinichoma, nikaona nimjibu kwa vitendo. Katika ule uji kikapita kikwembe cha njano, kile kile alichovaa mke wangu kanisani, umbo lile lile, mwendo ule ule, kinakwenda haraka langoni kumlaki Kabwe aliyechelewa kurudi kutoka kanisani. (Kwamba wanawake wote wa ukoo walishona kitambaa kimoja kwa sikukuu, tena mnunuzi ni mimi, hilo lilinitoka kichwani.) Nikamvuta mkono, nikamkumbatia kiunoni, nikachukua pande la samaki nililolisafisha vizuri, nikamtia mdomoni huku napaza sauti: "Kula, bibi yangu! Ubaonyeshe hawa bazee kama shiye tungali batoto!"

Uso wake ulikuwa umefika karibu na wangu, na karibu, nimeshawaambia, naona vizuri mno. Niliona kila mkunjo. Niliona macho ya mke wangu, ila yamezeeka na yamejaa hasira. Mama mkwe, samaki mdomoni, mkono wangu kiunoni mwake.

Hakupiga kelele, na ningefurahi kama angepiga. Alitoa samaki mdomoni, akamweka kwenye sahani yangu, akamgeukia Kasongo, maana mimi hasemi nami: "Umuambie huyu bwana, samaki yake haina hata mwiba moja. Heshima njo hana."

Jioni ile ile mke wangu alipanda lori pamoja naye. Nikajipikia bukari, ikaungua, nikala hivyo hivyo peke yangu, mpaka wazee wangu walipopeleka mbuzi Lukafu kuniombea msamaha. Mbuzi mzima, kwa kipande cha samaki! Kabla mke hajarudi nilikuwa nimeshachukua vile vioo vya sehemu mbili, vyenye mstari katikati unaoonekana toka mbali kule mjini Kipushi, na Kasongo alicheka mpaka akachoka. Acheke tu. Nimeapa sivui miwani mbele ya watu, wala simgusi mwenye kikwembe kabla hajajitaja. Hata mke wangu akinisogelea namwuliza kwanza: "Ni nani?"

Naye hajanihurumia hata siku moja.

"Ni miye," anajibu, "mama mukwe yako."