Mwekezaji wa bajaji za umeme aliuliza "vivutio", mtaa wetu ukamletea kobe

Wakuu, salaam kwenu nyote mlioamka salama.

Hii si chai. Nilikuwepo, tena nimevaa fulana ya kushonewa, na yote yalitokea mbele ya macho yangu.

Mie ni mkazi wa Manzese, ndani ndani huko, unafuata vichochoro mpaka unausikia mtaro kabla hujauona. Naishi na mama yangu. Mtaro unapita nyuma ya chumba chake, na kila masika huingia ndani bila hodi.

Mwaka huu tulikuwa na amani. Wakazi tulichanga, halmashauri ikaongezea, mfuko wa kuujenga mtaro ukatimia. Mama alishashusha godoro kutoka juu ya matofali.

Halafu mwenyekiti wetu wa mtaa akapigiwa simu.

Kampuni moja ilikuwa inatafuta sehemu ya kiwanda cha kuunganisha bajaji za umeme. Imebakiza mitaa miwili: wetu na wa ng'ambo ya barabara kubwa. Mwenyekiti akaitisha mkutano, jasho linamtoka kwa furaha.

"Ndugu zangu, ajira hizi hapa! Wanakuja Jumamosi. Wameuliza swali moja tu: mtaa wenu una vivutio gani?"

Kila mtu akageuka huku na huku akitafuta kivutio.

"Moshi wana mlima," mwenyekiti akasema kwa uchungu. "Bagamoyo wana magofu. Sie tuna nini?"

"Magofu hata sie tunayo," akajibu fundi pikipiki mmoja. "Si kile choo cha sokoni?"

Ikaundwa Kamati ya Vivutio, mie nikapewa ukatibu kwa sababu naandikaga riwaya. Pesa je? Wakauchota mfuko wa mtaro.

Mama akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, masika haitasubiri kiwanda."

"Mama Seif, usiturudishe nyuma! Kiwanda chenyewe kitakujengea mtaro wa vigae."

Wakuu, niwape picha kidogo. Choo kilipakwa rangi ya machungwa. Kobe wa Mzee Mrisho, ambaye maisha yake yote alilala chini ya kabati, akaogeshwa na kufungwa utepe. Kikundi cha muziki wa singeli kikakodiwa, kamati nzima ikashonewa fulana za kufanana. Mie nikauandikia mtaro maelezo: "Kijito kisicholala, kinachonong'ona siri za mji."

(Hakilali kweli. Harufu yake pia hailali.)

Jumamosi akaja dada mmoja mrefu wa kampuni. Singeli ikapigwa mpaka mabati yakacheza. Dada akatembezwa chooni, akapigwa picha na kobe, akasomewa kijito. Alikuwa mpole mno, anatabasamu kama mtu aliyepanda basi lisilo lake na anaona aibu kushuka.

Mwisho akasema, "Asanteni jamani. Sasa, vivutio?"

Mwenyekiti akamwonyesha kobe tena.

"Hapana, baba. Vivutio vya uwekezaji. Yaani mtaa utatupa nini? Wenzenu wa ng'ambo wametupa kiwanja chao cha mpira bure, na ushuru wamesema tusilipe."

Mwenyekiti akajipiga kifua. Wa ng'ambo ndio waliotufunga fainali ya mpira.

"Sie tunatoa kiwanja na bomba la maji!"

"Bomba na wao wametoa."

"Basi na ofisi ya mtaa! Ofisi yangu, chukueni! Mie nitakaa nje na kiti changu!"

Hapo mama yangu akasimama, kanga kiunoni.

"Mwanangu, samahani. Aliyekuja kuposa ni nani, wewe au sisi?"

"Mie, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa mbona mahari unaidai wewe?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Kijana wa spika akadhani ameitwa, akaanzisha singeli upya kwa sauti ya juu kabisa. Mazungumzo yakafia palepale.

Kiwanda kikaenda ng'ambo. Siwacheki sana. Kiwanja chao hakipo tena, watoto wao wanakuja kucheza kwetu, na walioajiriwa mpaka sasa ni walinzi.

Ila na sie hatukupona. Pesa za mfuko zilishageuka kuwa rangi, fulana na spika. Mvua kubwa ya kwanza ilipopiga, mtaro ukaingia chumbani kwa mama na rangi ya choo ikielea juu yake, kama machweo yaliyopotea njia.

Tukiwa tunachota maji, tukasikia hodi. Ni mwenyekiti, suruali kaikunja hadi magotini, ndoo mkononi, macho yako chini.

"Mama Seif, nimekuja kusaidia."

Mama akamtazama, akaitazama ndoo.

"Karibu. Kabla hujaanza, unadai vivutio gani?"

"Chai tu, dada."

"Chota kwanza."

Akachota mpaka adhuhuri, wakuu, bila hotuba hata moja.

Nilichobaki nacho ni hiki: tajiri akija anauliza mtampa nini, muulizeni kwanza yeye anawaachia nini. Na pesa ya mtaro ibaki ya mtaro.

Mtaani kwenu je, wawekezaji waliomba nini, na nyie mkatoa nini? Mwageni hapa, mama kakaa pembeni yangu anataka nimsomee.