Unga wa Shangazi Kwenye Mfuko wa Dhahabu

Shule niliiacha darasa la sita, kwa hiyo nilikuwa na sifa zote za kuwa mtaalamu wa lishe ya watoto.

Utaalamu wenyewe niliupata Kariakoo, kwenye duka la vifungashio nilikokuwa nikibeba mabunda. Niliporudi kijijini kwetu Mtama nikamkuta shangazi yangu bado anauza unga wa lishe kwenye vifuko vya nailoni alivyoviziba kwa moto wa mshumaa. Mahindi, mtama, karanga, korosho kidogo. Watoto wengi wa pale wamesimama dede kwa unga ule. Nilimhurumia. Unga mzuri namna ile, na hauna hata zipu.

"Shangazi, siku hizi mama hanunui unga, ananunua mfuko."

"Na mtoto anakula nini?"

Hilo Kariakoo hawakunifundisha. Lakini duka la jirani lilikuwa limeshaleta pakiti za kung'aa kutoka mjini, naye aliogopa kuachwa nyuma, akakubali.

Niliagiza mifuko ya dhahabu isiyoonyesha ndani, yenye picha ya mtoto mnene wa rangi ya papai, ameshika tunda ambalo hata mimi mzururaji sijawahi kulila. Chini nikaandikisha: "Umeandaliwa kitaalamu." Wakati shangazi anakaanga karanga, mtaalamu alikuwa amelala. Tukafungasha unga wote. Na bakuli la kuonjea, lililokaa mezani miaka yote, nikaliondoa kwa ajili ya usafi.

Wateja walikuja, wakaisifu mifuko, wakairudisha mezani. Wiki ya kwanza, ya pili. Unga wenye karanga hausubiri mtu, ukikaa unaingia uchungu, na shangazi hakuwa na nafaka nyingine hadi mavuno.

Ndipo akaja mama mmoja wa Rondo, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akaugeuza mfuko. "Huyu ndiye anayekula unga huu?"

"Ndiye," nikawahi mimi.

"Mama yake yuko wapi, nikamuulize kama haumsokoti tumbo?"

Shangazi akatazama pembeni, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Basi nipeni nionje."

"Umefungwa, dada."

"Kaka, simpi mwanangu nisichokionja. Hata dawa ya homa naanza mimi."

Shangazi hakunitazama. Alichukua mkasi, akakata mfuko, akammiminia kiganjani. Yule mama akalamba.

"Karanga zimeiva," akasema, akachukua mifuko miwili.

Jioni ile mifuko yote ilikatwa juu ya zipu, unga ukarudi kwenye ndoo, bakuli likarudi mezani. Mteja anaonja kwanza, halafu anajaziwa na kufungiwa zipu, ili mtaalamu naye asijisikie vibaya. Unga uliisha kabla haujaingia uchungu.

Mavuno yalipopita nikaondoka kwenda Kiswere, maana mahali pamoja pananichosha. Mfuko wa yule mama ulikuwa umeshaoshwa na kurudi kujazwa mara tatu. Mtoto wa kwenye picha alikuwa amefutika macho. Wa mgongoni alikuwa mzito, mama yake akimbeba kwa kuhema.